Moshi wa viwanda kuzikwa ardhini: Maswali ambayo wakazi wa Tana River wafaa kuuliza mapema

MJI wa Hola hauna kiwanda cha saruji, wala cha chuma, wala mtambo wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe. Anayesimama kandokando ya Mto Tana huona mashamba ya mahindi na mpunga, miembe, mifugo na vichaka vya mathenge visivyokwisha, lakini haoni dohani hata moja ikifuka moshi.

Hata hivyo, mjadala unaoendelea ulimwenguni kuhusu jinsi ya kunasa hewa ya kaboni itokayo viwandani, kuisafirisha, kuitumia na hatimaye kuizika ardhini unaihusu Kaunti ya Tana River kwa sababu mbili kuu.

Ya kwanza ni kwamba wakazi wake ni miongoni mwa wanaolipia makosa ya wengine. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kudumu hadi mapema 2023 uliangamiza mifugo kote kaskazini na mashariki mwa Kenya. Kabla ya wafugaji kupata nafuu, mafuriko ya Novemba 2023, na mengine ya Aprili na Mei 2024, yalikata barabara, yakazamisha mashamba na kuwafurusha watu makwao.

Sababu ya pili imo chini ya nyayo zao. Tana River imekalia sehemu kubwa ya eneo ambalo wanajiolojia huliita Bonde la Lamu, lenye tabaka nene za mchanga na mfinyanzi uliogeuka mwamba kwa mamilioni ya miaka. Katika nchi nyingine, miamba ya aina hiyo ndiyo hufanywa ghala la hewa ya kaboni.

Kwa hivyo, ingawa Kenya haijawa na bomba wala ghala kubwa la hewa hiyo, ni vyema wananchi waelewe mambo haya kabla ya wawekezaji kubisha hodi. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya athari.

Hewa yenyewe ni ipi?

Hewa ya kaboni, ambayo wengine huiita hewa ukaa, haina rangi wala harufu. Binadamu na wanyama huitoa wapumuapo, nayo mimea huitumia kujitengenezea chakula kwa msaada wa jua. Bila hewa hiyo, dunia ingekuwa na baridi isiyovumilika.

Tatizo ni wingi wake. Kabla ya mapinduzi ya viwanda barani Ulaya, katika kila chembe milioni moja za hewa kulikuwa na takriban 280 za kaboni. Leo zimepita 420. Blanketi hili lililonenepa huzuia joto lisitoroke kwenda anga za juu.

Mwaka wa 2024, matumizi ya nishati ulimwenguni pamoja na shughuli za viwanda yalitoa karibu tani bilioni 38 za hewa hiyo. Mchango wa Kenya kutokana na mafuta na saruji ni chini ya asilimia 0.1 ya kiasi hicho.

Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hii ndiyo sababu kiwanda kinachofaa kutazamwa hapa nchini si cha umeme bali cha saruji.

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi. Jiwe la chokaa lenyewe limefunga kaboni ndani yake, na likipata joto huiachilia. Takriban asilimia 60 ya hewa ya kaboni kutoka kiwanda cha saruji hutoka ndani ya jiwe, na iliyosalia hutokana na makaa ya mawe au mafuta yanayowasha tanuri.

Maana yake ni kwamba hata tanuri likiwashwa kwa umeme wa jua, jiwe bado litatoa hewa yake. Chuma, mbolea na mafuta ya petroli huweza kutengenezwa au kubadilishwa kwa njia nyingine, lakini saruji ni mkaidi. Ndiyo maana wahandisi wengi huiweka mbele wanapozungumzia unasaji wa hewa ya kaboni.

Hatua ya kwanza: Kuinasa

Moshi wa tanuri la saruji huwa mchanganyiko wa naitrojeni, mvuke wa maji, vumbi na hewa ya kaboni. Kazi ya kwanza ni kutenganisha.

Njia iliyozoeleka zaidi ni kupitisha moshi huo kwenye mnara wenye maji yaliyochanganywa na kemikali maalumu. Kemikali hiyo huishika kaboni na kuacha gesi nyingine zipite. Baadaye maji hayo hupelekwa kwenye mnara wa pili, yakapashwa joto, nayo kaboni ikaachiliwa ikiwa safi tayari kukusanywa. Kemikali hurudishwa kazini.

Zipo pia njia za kutumia utando mwembamba unaochuja gesi, kugandisha kaboni kwa baridi kali, au kuwasha tanuri kwa oksijeni tupu badala ya hewa ya kawaida ili moshi utakaotoka uwe karibu kaboni tupu.

Njia zote hizo hula nishati nyingi, na hapo ndipo gharama inapozaliwa. Shirika la Kimataifa la Nishati limekadiria kwamba kunasa tani moja ya kaboni kutoka kiwanda cha saruji hugharimu kati ya dola 60 na 120 za Marekani.

Hesabu rahisi yaweza kuonyesha uzito wa jambo hilo. Tani moja ya saruji huzalisha wastani wa tani 0.6 za hewa ya kaboni. Kwa hivyo, mfuko wa kilo 50 hubeba deni la takriban kilo 30 za hewa hiyo. Kwa kiwango cha Sh130 kwa dola, kuinasa yote kungeongeza kati ya Sh230 na Sh470 kwa kila mfuko, kabla ya gharama ya kuisafirisha na kuizika.

Mkazi wa Hola anayejenga nyumba ya vyumba viwili hahitaji kuambiwa maana ya nyongeza hiyo.

Kiwanda cha kwanza cha saruji ulimwenguni kunasa kaboni kwa kiwango kikubwa kilizinduliwa Juni 2025 huko Brevik, Norway. Kina uwezo wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, ambazo ni takriban nusu ya hewa kinayotoa. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa na serikali ya nchi hiyo tajiri.

Njia nyingine ni kuinasa kaboni ambayo tayari imo hewani. Hii ni ngumu zaidi kwa kuwa hewa ya kawaida ina kaboni kidogo mno ikilinganishwa na moshi. Nchini Kenya, kampuni changa ya Octavia Carbon, iliyoasisiwa 2022, imekuwa ikiunda mitambo ya aina hiyo na kupanga mradi wa tani 1,000 kwa mwaka eneo la Gilgil, ambako joto la ardhini hupatikana kwa urahisi.

Hatua ya pili: Kuisafirisha

Kaboni ikishanaswa hushinikizwa hadi iwe nzito kama kioevu. Kisha husafirishwa kwa mabomba, meli, garimoshi au malori yenye matangi.

Mabomba ndiyo nafuu zaidi kwa mzigo mkubwa. Marekani ina takriban kilomita 8,000 za mabomba ya aina hiyo, mengi yakiwa yamejengwa kupeleka hewa hiyo kwenye visima vya mafuta.

Meli hufaa pale ghala lilipo mbali au chini ya bahari. Kaboni ya Brevik hupoezwa hadi takriban nyuzi 26 chini ya sufuri, ikapakiwa melini na kupelekwa Øygarden, magharibi mwa Norway. Huko huingizwa katika bomba la kilomita 100 na kushindiliwa kwenye miamba iliyo mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Shehena ya kwanza ilizikwa huko Agosti 2025.

Malori yanafaa kwa kiasi kidogo tu. Kiwanda kinachotengeneza tani milioni moja za saruji kwa mwaka hutoa karibu tani 600,000 za kaboni. Ikiwa kila lori litabeba tani 20, zitahitajika safari 30,000 kwa mwaka, au 82 kila siku. Barabara ya Malindi kupitia Garsen na Hola hadi Garissa, ambayo hukatwa na maji mara kwa mara, haiwezi kustahimili hali hiyo.

Hatua ya tatu: Kuitumia

Wengi huuliza: kwa nini kuizika hewa ambayo yaweza kuuzwa?

Kwa kweli, hewa ya kaboni ni bidhaa. Ndiyo inayotoa mapovu katika soda na bia. Huzima moto, huua wadudu katika maghala ya nafaka, na ikigandishwa huwa barafu kavu inayotumiwa kuhifadhi chanjo na samaki safarini.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Kenya imekuwa ikichimba hewa hii kutoka ardhini kwa miongo mingi. Kampuni ya Carbacid, ambayo hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, huivuta kutoka visima vilivyoko Kereita, eneo la Lari, Kaunti ya Kiambu, na kuwauzia watengenezaji wa vinywaji.

Kwa hivyo, wakati viwanda vya saruji vinaiachilia hewa hiyo itoroke angani, nchi inachimba nyingine kutoka tumboni mwa ardhi ili kutia mapovu kwenye soda. Iwapo itawahi kupatikana kwa bei nafuu kutoka viwandani, ile ya Kereita ingeweza kuachwa ilale.

Huko Naivasha, shamba la maua la Oserian liliwahi kujulikana kwa kutumia mvuke wa ardhini kupasha joto vibanda vya mawaridi, na kaboni iliyotoka pamoja na mvuke huo kuistawisha mimea. Mmea unaopewa kaboni zaidi ndani ya kibanda, ukiwa na maji na mbolea ya kutosha, hukua kwa kasi.

Zipo pia kampuni ng'ambo zinazoishindilia kaboni ndani ya zege linapokauka, na nyingine zinazoiunganisha na haidrojeni kutengeneza mafuta.

Lakini matumizi haya yana kasoro mbili. Kwanza, soko ni dogo. Wakenya hata wakinywa soda asubuhi, mchana na jioni, hawawezi kumaliza hewa ya kiwanda kimoja kikubwa. Pili, kaboni ya soda hurudi hewani chupa inapofunguliwa. Ni zege na bidhaa chache zinazofanana nalo tu ambazo huifungia kwa muda mrefu.

Mojawapo ya matumizi makubwa ulimwenguni linazua ubishi. Kaboni husukumwa ndani ya visima vikuukuu ili kukamua mafuta yaliyosalia. Huko Abu Dhabi, mradi wa Al Reyadah ulioanza 2016 hunasa hadi tani 800,000 kwa mwaka kutoka kiwanda cha chuma na kuzipeleka katika visima vya mafuta. Kaboni hubaki chini, lakini mafuta yanayotoka nayo huchomwa na kuzalisha kaboni nyingine. Wakosoaji huita hali hiyo kupiga hatua mbele na kurudi nyuma.

Hatua ya nne: Kuizika

Kuna aina mbili kuu za miamba inayofaa.

Aina ya kwanza ni ya mchanga ulioshikamana, wenye vitundu vidogo vilivyojaa maji ya chumvi yasiyofaa kunywewa. Juu yake sharti pawe na tabaka la mfinyanzi mgumu lisilopitisha gesi, mithili ya mfuniko wa chungu. Hewa ya kaboni husukumwa chini zaidi ya mita 800, ambako shinikizo huifanya iwe nzito na kuchukua nafasi ndogo.

Norway ilianza kufanya hivyo 1996 katika eneo la Sleipner, baharini, kwa kiwango cha karibu tani milioni moja kwa mwaka. Kilichoisukuma kampuni husika si huruma kwa mazingira pekee. Serikali ilikuwa imeanzisha ushuru wa kaboni 1991, na ikawa ni nafuu kuizika hewa hiyo kuliko kuilipia.

Barani Afrika, mradi wa In Salah katika jangwa la Algeria ulizika takriban tani milioni 3.8 kati ya 2004 na 2011. Ulisitishwa baada ya vipimo kuzua wasiwasi kuhusu uimara wa mfuniko. Uso wa ardhi ulikuwa umeinuka kwa milimita kadhaa. Hakuna aliyedhurika, lakini funzo lilipatikana: mwamba sharti uchunguzwe kabla, wakati wa kazi na baada.

Aina ya pili ni miamba ya volkano. Hii haiihifadhi kaboni ikiwa gesi, bali huigeuza kuwa jiwe. Nchini Iceland, watafiti wa mradi wa Carbfix waliyeyusha kaboni majini na kuisukuma ndani ya miamba hiyo kuanzia 2012. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe katika muda usiozidi miaka miwili.

Huko Oman, nchi yenye wazungumzaji wengi wa Kiswahili, kampuni ya 44.01 inajaribu jambo hilo kwa kutumia miamba ya milima ya Hajar. Jina lake ni uzito wa molekuli ya hewa ya kaboni. Ilishinda tuzo ya Earthshot mnamo 2022.

Kenya ina miamba ya volkano kwa wingi katika Bonde la Ufa, na ndiyo sababu miradi ya majaribio imeelekezwa Gilgil na Naivasha. Ila njia hiyo ina kiu. Mbinu ya Iceland huhitaji takriban tani 25 za maji kwa kila tani moja ya kaboni.

Tana River imesimama wapi?

Ardhi ya Tana River ni ya aina ya kwanza. Kwa mamilioni ya miaka, mito ilimwaga mchanga na matope katika eneo linaloanzia bara hadi chini ya Bahari Hindi. Kampuni za mafuta zilitoboa visima kadhaa katika bonde hilo tangu miaka ya 1960, kikiwemo cha Kipini, karibu na mlango wa Mto Tana, kilichochimbwa 1971. Mafuta ya kuuza hayakupatikana, ila maelezo ya tabaka za miamba yalipatikana.

Maelezo hayo ni mwanzo tu. Kuwepo kwa tabaka za mchanga hakutoshi. Lazima ithibitishwe kwamba mfuniko wake haujapasuka, kwamba visima vya zamani vilizibwa sawasawa, na kwamba kaboni haitayafikia maji yanayotegemewa na watu na mifugo. Uchunguzi wa aina hiyo huchukua miaka na hugharimu mamilioni ya dola.

Upo pia umbali. Viwanda vya saruji viko Mombasa, Kilifi, Athi River, Kajiado na Pokot Magharibi. Vya Pwani ndivyo vilivyo karibu zaidi. Iwapo siku moja patakuwa na bomba, huenda likafuata pwani kuelekea kaskazini, na kupita katika ardhi ya wakulima wa Kipokomo na malisho ya Waorma na Wawardei.

Hatari zenyewe

Hewa ya kaboni haiwaki moto wala hailipuki kama petroli. Lakini ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Ikivuja kwa wingi hutambaa chini, hukusanyika mabondeni na kuwanyima watu na wanyama oksijeni.

Usiku wa Agosti 21, 1986, Ziwa Nyos nchini Cameroon lilitoa wingu la hewa hiyo iliyokuwa imejikusanya chini ya maji kutokana na volkano. Zaidi ya watu 1,700 walifariki, pamoja na maelfu ya mifugo. Mkasa huo ulikuwa wa maumbile na haukuhusiana na ghala lolote, lakini ulionyesha jinsi hewa hiyo inavyoua kimyakimya.

Mkasa unaokaribiana zaidi na mjadala huu ulitokea Februari 2020 katika kijiji cha Satartia, jimbo la Mississippi, Marekani. Mvua kubwa iliporomosha udongo, bomba la kaboni likapasuka. Watu wapatao 200 walihamishwa na 45 wakatafuta matibabu. Magari yalizimika kwa kukosa oksijeni. Hakuna aliyefariki.

Kwa kaunti ambayo mto wake hufurika na hata kuhama njia, kisa cha Satartia kina uzito. Mnamo 1989 Mto Tana ulibadilisha mkondo wake na kuziacha pampu za Mradi wa Unyunyizaji wa Hola bila maji. Mradi huo ulisambaratika na haukufufuliwa kwa miaka mingi. Mhandisi yeyote anayechora bomba katika bonde hilo hana budi kuanza na kumbukumbu hiyo.

Njia zilizo karibu na nyumbani

Kabla ya kufikiria visima vya mita 1,000, zipo njia ambazo zaweza kuanza mapema zaidi.

Ya kwanza ni kupunguza hewa hiyo isitokee kabisa. Saruji huweza kuchanganywa na majivu ya volkano au udongo uliochomwa, ili kiasi cha chokaa iliyookwa kipungue. Viwanda vya Kenya tayari hutumia majivu hayo. Mchanganyiko wa udongo uliochomwa na chokaa mbichi waweza kupunguza kaboni kwa hadi asilimia 40, na hauhitaji bomba wala ghala.

Ya pili ni mathenge. Mti huu una uhusiano wa ajabu na saruji. Uliletwa nchini 1973 ili kukuza msitu katika machimbo ya mawe yaliyoachwa na kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa. Ulipofaulu huko, ulipandwa miaka ya 1980 katika maeneo kame, yakiwemo Bura na Hola, ili uwe kuni na kinga ya upepo. Baadaye ulivuka mipaka, ukaziba njia za mifugo na mifereji, na miiba yake ikawa kero.

Mti huo ukikatwa na kuchomwa kwa oksijeni haba, hubaki makaa ambayo yakichanganywa na udongo hudumu kwa mamia ya miaka bila kuoza. Wataalamu huyaita bayocha. Kaboni iliyonaswa na mti hubaki ardhini, na udongo hushika maji vizuri zaidi. Kazi hiyo huhitaji panga, tanuri sahili na vijana. Sharti ni moja: asije mtu akaanza kuupanda mathenge upya kwa tamaa ya fedha.

Ya tatu ni mikoko. Delta ya Tana, yenye ukubwa wa hekta 163,600, iliorodheshwa 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Matope ya mikoko hufungia kaboni kwa karne nyingi ikiwa hayatavurugwa. Kule Gazi, Kaunti ya Kwale, jamii inayoendesha mradi wa Mikoko Pamoja imekuwa ikiuza vyeti vya kaboni kwa zaidi ya mwongo mmoja, na mapato yakitumiwa kwa maji na shule.

Njia hizi hazifanani kabisa na kuzika moshi wa kiwanda. Msitu waweza kuungua na mikoko kukatwa, ilhali kaboni iliyogeuka jiwe haitoki tena. Kwa hivyo si haki kiwanda kuendelea kufuka moshi kwa kisingizio cha miti iliyopandwa kwingine. Hata hivyo, kwa mkazi wa Hola au Garsen, ndizo anazoweza kuzisimamia mwenyewe.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilifanyiwa marekebisho 2023 ili kudhibiti biashara ya kaboni, na kanuni zake zikafuata 2024. Inaagiza kwamba mradi unaotumia ardhi ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Wakazi wanapaswa kupata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya gharama za uendeshaji kuondolewa. Kwa miradi isiyotegemea ardhi, kiwango ni asilimia 25.

Maneno "baada ya gharama" ndiyo yanayofaa kusomwa mara mbili. Mwenye kuandika hesabu za gharama ndiye anayeamua asilimia 40 itakuwa ya kiasi gani.

Swali gumu zaidi ni la umiliki wa ghala. Mkulima humiliki shamba. Je, humiliki pia vitundu vya mwamba vilivyo kilomita moja chini yake? Na kampuni ikishazika hewa na kuondoka baada ya miaka 30, ni nani atakayelinda kisima kwa miaka 300? Katika nchi za Ulaya, sheria huiachia kampuni wajibu huo kwa miaka kadhaa kabla ya serikali kuuchukua.

Isitoshe, sehemu kubwa ya ardhi ya Tana River ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 huilinda vyema ikiwa imesajiliwa. Mnamo Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za wanyama katika kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mojawapo ya hifadhi hizo ilikuwa ndani ya eneo la mradi mkubwa wa kaboni.

Historia ni mwalimu

Tana River imewahi kuona wageni wengi wenye ramani. Mradi wa Hola ulianzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, na Machi 3, 1959, kumi na mmoja kati yao waliuawa kwa kupigwa. Mradi wa Bura, uliofadhiliwa kwa mikopo, uligharimu kupita makadirio na kumwagilia sehemu ndogo ya eneo lililoahidiwa.

Mnamo 2008 palizuka mpango wa kupanda miwa katika hekta 20,000 za Delta. Wakulima, wafugaji na wahifadhi walikwenda mahakamani, na 2013 Mahakama Kuu ikaagiza pawepo mpango wa matumizi ya ardhi utakaowahusisha wakazi.

Haimaanishi kwamba kila mgeni ni mwizi. Teknolojia ya kunasa na kuzika kaboni inafanya kazi. Norway imeithibitisha kwa karibu miaka 30. Lakini bado ni ndogo. Mitambo yote ulimwenguni ina uwezo wa kunasa takriban tani milioni 50 kwa mwaka, ambazo hazifiki tani mbili kwa kila tani 1,000 zinazotolewa.

Kwa hivyo, siku ambayo mtu atafika barazani Hola akiwa na pendekezo, maswali machache yatamtenga mkweli na mlaghai. Hewa inatoka kiwanda gani, na kiwanda hicho kimepunguza kiasi gani kabla ya kuleta iliyosalia? Bomba litavuka mto wapi, na likipasuka usiku ni nani atakayewaamsha wanavijiji? Maji yatatoka wapi? Mkataba umeandikwa kwa lugha ambayo wazee na akina mama wanaielewa? Hesabu za gharama zitakaguliwa na nani?

Na la mwisho: ardhi husika imesajiliwa kwa jina la jamii? Hilo halihitaji kumsubiri mwekezaji. Laweza kushughulikiwa sasa, katika afisi za ardhi, kwa hatua ambazo sheria ya 2016 imeziweka wazi.